Mwaka Tulipomwimbia Mwingereza

Mwezi wa nane mwaka huu nilipanda basi kutoka Sumbawanga kwenda Mpanda kwa sababu Leokadia alinipigia simu akaniamuru nije kula wali. Leokadia haombi, anaamuru. Alikuwa hivyo tulipokuwa wasichana wa kwaya, na uzee haujamlainisha. "Njoo ule wali wa Mpimbwe," alisema, "halafu jioni twende kanisani tukawasikilize watoto. Wanafanya kumbukumbu ya Mwingereza wetu. Masunga naye anakuja." Nikaja. Sebuleni kwake Nsemulwa viti vilikuwa vimesukumwa ukutani kupisha meza, na juu ya meza kulikuwa na wali uliokaa chembe chembe, migebuka ya kukaanga kutoka ziwani, na kisamvu kilichotiwa karanga nyingi kuliko daktari wangu angependa. Masunga alikuwa ameshaanza kula. Amekuwa mzee, goti moja linamsumbua, lakini aliponisalimu vikombe kabatini vilitetemeka kama zamani. Tulikula, tukataja waliokufa, tukamtaja Mwalimu Kasiano mara nyingi kuliko wengine wote. Tulipokuwa tunanawa, akaingia binti wa kwaya ya sasa aliyetumwa kutuchukua, anaitwa Editha. Yeye ndiye aliyepewa solo jioni hiyo. Alitusalimu kwa adabu, akakaa, na macho yake yakatua kwenye kovu langu la shingoni, ambalo limelala pale kama mkufu. "Mama," akasema, "eti solo hii mara ya kwanza ilikuwa ya kwako, halafu ukaiacha?" Leokadia akacheka. Masunga akaangalia sahani yake. "Niliumwa," nikamjibu, na tukaondoka maana muda ulikuwa unakwenda. Jibu refu ni hili.

Habari za ukoo wangu nitaziruka, hazina tofauti na za wengi. Inatosha kusema kwamba mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nikawa nakaa Nsemulwa kwa Shangazi Melania, mjane asiye na mtoto, fundi cherehani. Katavi haikuwa mkoa bado, tulihesabiwa watu wa Rukwa, na Mpanda ilikuwa mji wa vumbi na treni. Nyumba ya shangazi ilikuwa na vyumba viwili na baraza. Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani: vipande vya vitenge sakafuni, pasi ya mkaa dirishani, harufu ya mafuta ya mashine. Cha nyuma tulilala, yeye kitanda kile, mimi hiki, na katikati yetu gunia la mchele lililotumika kama meza. Ukuta uliogawa vyumba haukufika juu, kwa hiyo lolote lililosemwa huku lilisikika kule. Mambo makubwa ya maisha yangu ya mwaka ule niliyasikia hivyo, nimelala chali, natazama mabati.

Kwaya ilikuwa ndiyo dunia yangu. Mwalimu Kasiano, kiongozi wa kwaya yetu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mpimbwe wa Usevya, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu hata wakati wa joto la Oktoba. Alisoma seminari miaka michache kabla hawajamwambia kwamba hana wito, na alichotoka nacho kule ni kinanda na mapenzi kwa mtunzi mmoja Mwingereza. Jina la mtunzi huyo lilitushinda. Masunga, besi wetu, Msukuma aliyehamia Kabungu na ng'ombe wa baba yake, alilitamka mpaka likawa jina la Kisukuma, na kanisa zima likacheka, hivyo tukakubaliana kumwita Mwingereza tu. Mwalimu alikuwa na kaseti yake moja, imesikilizwa mpaka sauti zinayumba, na kila tuliposhiba mazoezi alituwekea. Mwanzoni mwa mwaka ule akatuambia kwamba karne imetimia tangu mtu huyo azaliwe, na kwamba sisi, kwaya ya Mpanda, pamoja na wenzetu wa Usevya na Inyonga, tutamfanyia sikukuu mwezi wa nane baada ya mavuno. Tutaimba ule wimbo wake mkubwa wa shukrani, sauti nne, bila kinanda. Maneno atayatafsiri yeye mwenyewe.

Si wote waliofurahi. Mzee Kapele wa baraza la parokia alikuja barazani kwa shangazi kuchukua suruali yake, Mwalimu akiwemo, na mimi nikiwa chumba cha nyuma nikasikia yote. "Mwalimu, hebu nieleze," mzee alisema. "Mwingereza alitufanyia nini sisi hata tumfanyie sikukuu? Baba yangu alilimishwa barabara na Waingereza. Hakuimbiwa."

"Huyu hakuwa DC, mzee," Mwalimu akajibu. "Alikuwa mpiga kinanda wa kijijini. Baba yake alishona viatu. Nyimbo zake aliwatungia watu wanaotoka kazini, wamechoka, hawajui noti. Wakaimba. Na sisi tunatoka mashamba, tumechoka, tutaimba."

"Na ngoma zetu je? Nani atazifanyia karne?"

Mguu wa shangazi ukasimama kwenye cherehani. Kisha Mwalimu akasema, taratibu, "Hapo umenipata, mzee. Siku hiyo ngoma zitaanza. Njoo na wapigaji wako, mtufungulie." Mzee Kapele alilipokea lile kama mtu aliyekuja kugombana akakuta mlango wazi. Tangu hapo alikuwa anakuja mazoezini kutusikiliza, anakaa nyuma, na akiona tumelegea anatukemea kuliko Mwalimu.

Solo nilipewa mimi. Katikati ya wimbo sauti zote nne zinanyamaza, na sauti moja ya kwanza inapanda peke yake, juu, polepole, kama mtu anayeita kutoka upande wa pili wa bonde, halafu wengine wanaiitikia mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa na sauti ya kupanda. Nasema bila aibu kwa sababu sauti yenyewe sinayo tena. Nilikuwa nikiufikia ule mlio wa juu kabisa, najisikia mwili wote umekuwa mwepesi, na Leokadia aliyesimama kando yangu alikuwa ananifinya kiuno kwa furaha. Nilitembea Mpanda nzima mwaka ule nikijiona mtu. Sokoni, kisimani, niliuimba kichwani. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba Mungu alinitengeneza kwa ajili ya sauti ile tu na mengine yote aliyaongeza baadaye.

Shangazi ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa ananipima blauzi ya sikukuu, akazungusha utepe shingoni, akautoa, akauzungusha tena. "Ade, kola hii nilikushonea Pasaka," alisema. "Kwa nini haifungi?" Akaweka vidole kooni kwangu, akaniambia nimeze mate. Mimi nilikuwa nimeshajua kuna kitu. Kwa wiki kadhaa nilikuwa naishiwa pumzi nikibeba ndoo, na asubuhi sauti ilitoka na mikwaruzo kama redio isiyoshika stesheni. Watu wenye rovu, uvimbe ule wa shingoni, tuliwaona wengi tu, akina mama wa vijijini waliolifunga kwa kitambaa na kuendelea kulima. Nilidhani na mimi nitafunga kitambaa. Daktari wa Mpanda alifikiri tofauti. Alinishika, akanisikiliza, akauliza linakua haraka kiasi gani, akaandika kwamba niende hospitali kubwa Mwanza, na nisichelewe.

Jioni ile Mwalimu alikuja, shangazi akamkaribisha uji. Nilikuwa nimelala. Walidhani nimelala. "Daktari anasema lazima likatwe," shangazi alisema kwa sauti ya chini. "Linabana njia ya hewa. Na anasema wakati mwingine uvimbe wa namna hii ni mbaya, hawajui mpaka waupime. Ila mshipa wa sauti unapita hapo hapo. Wakiugusa, sauti inakwenda." Nikasikia kijiko cha Mwalimu kikigonga kikombe. "Na asipokatwa?" "Mwalimu, mimi nasikiliza anavyopumua usiku," shangazi akasema, na hakumaliza.

Asubuhi nilimwambia shangazi kwamba nitakwenda Mwanza, ila baada ya sikukuu. Miezi ilikuwa imebaki michache. Nitaimba, kisha wafanye wanavyotaka. Nilisema kwa ujasiri, nikiwa nimejiandaa. Shangazi alikuwa anakata kitambaa. Aliweka mkasi chini. "Mimi nataka mtu," alisema. "Sitaki wimbo." Tuligombana siku ile mpaka majirani wakaja kusimama barabarani. Nilimwambia haelewi, hajawahi kuwa na kitu kama hicho. Alichukua mkasi, akaendelea kukata, na kitambaa kile akakikata vibaya.

Aliyemaliza ugomvi ni Mwalimu. Alinikuta kanisani nikifagia, akakaa kwenye benchi la mbele, kofia mkononi. "Adelina," alisema, "solo nimempa Leokadia."

Nilihisi kama amenipiga. "Mwalimu, sijakosa mazoezi hata mara moja."

"Hujakosa. Nimempa ili usiwe na sababu ya kubaki." Macho yake yalikuwa mekundu. "Wimbo huu una miaka mingi, mwanangu. Umeimbwa na watu ambao wote wamekufa. Unaweza kuimbwa bila wewe. Mimi ndiye siwezi kuuongoza nikijua uko makaburini kwa sababu yake. Nenda."

Nilimchukia wiki nzima. Leo, nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye siku ile, nafikiria ilimgharimu nini kusema vile. Mtu huyu alisubiri nusu ya maisha yake apate sauti ya kuimba solo ile, akaipata kwa fundi cherehani wa Nsemulwa, akaitoa mwenyewe. Wataalamu wa muziki wanasema urithi wa mtunzi ni kazi zake zinazoendelea kupigwa. Mimi nauona urithi wa Mwingereza kwa Mwalimu: alipenda wimbo maisha yake yote, na siku ilipobidi alijua uko chini ya mtu.

Tulisafiri kwa treni, mimi na shangazi, na Masunga akatusindikiza kwa sababu dada yake aliolewa Mwanza na shangazi hakuwa amewahi kuvuka Tabora. Behewa lilikuwa limejaa magunia, kuku na watu wa tumbaku. Masunga aliketi juu ya begi letu akafanya mazoezi ya besi, "do, so, do, so," polepole, kwa uzito, mpaka mzee mmoja akauliza kama kijana anaumwa tumbo. Behewa zima lilicheka. Hata shangazi alicheka, akafuta macho na ncha ya kanga, na kicheko kikageuka kilio, akageukia dirishani. "Mayu," Masunga akamwambia, kama Wasukuma wanavyomwita mama, "huyu tutarudi naye. Mimi sijawahi kupoteza hata ndama." Ilikuwa njia yake ya kufariji. Ilimsaidia shangazi kuliko sala zote tulizoombewa kituoni.

Hospitali naikumbuka kwa vipande. Taa. Muuguzi mwenye mikono baridi aliyeniambia nifikirie kitu kizuri. Nikafikiria mlio wa juu kabisa. Nilipoamka koo lilikuwa kama limemwagiwa mchanga wa moto, na shangazi alikuwa ameinama juu yangu anasema, "Niite. Niite jina langu." Nikafungua mdomo. Hewa ikatoka, hewa tupu. Daktari akasema tusubiri, mshipa umevutwa lakini haukukatwa, nisilazimishe. Tukasubiri kwa dada yake Masunga, nyumba ya juu kwenye mawe, na kwa wiki nyingi niliongea kwa vidole. Kulikuwa na mambo mawili ya kusubiri, majibu ya uvimbe na sauti, na nitasema ukweli kwamba nilikuwa nasubiri la pili tu. Mpaka siku shangazi aliporudi kutoka hospitali na majibu. Alikuja akipanda mawe mbio, mwanamke mnene yule, kanga imemtoka kichwani, na kabla hajafika alikuwa anapiga kelele, "Si mbaya! Si mbaya! Wamesema si mbaya!" Akakaa chini kabisa kwenye vumbi la watu asiowajua. Nilipomwona pale chini ndipo nilipoelewa kwamba mwili wangu ulikuwa jambo la kuogopewa, na kwamba alikuwa ameuogopea peke yake. Nilikaa naye vumbini. Dada yake Masunga akatuletea ugali na sato, tukala tukiwa pale pale chini, tunacheka kama wendawazimu.

Sauti ilirudi kama mgeni asiye na uhakika na nyumba. Kwanza mnong'ono, kisha mlio mnene, mzito, wenye kutu, usio wangu. Tulirudi Mpanda mwezi mmoja kabla ya sikukuu. Nilikaa nyuma kanisani karibu na Mzee Kapele, nikamsikia Leokadia akiimba solo. Aliiimba vizuri. Hakuifikia kama mimi, lakini aliiimba kwa uangalifu, kama mtu aliyeazimwa kitenge cha mwenzake. Baada ya mazoezi alinijia akasema, "Ade, ukitaka namwambia Mwalimu nimeshindwa." Nikamwambia kwa mnong'ono, "Ukishindwa nitakupiga." Tukashikana mikono tukaenda nyumbani hivyo.

Siku moja alasiri nilikuwa napepeta mchele uani na shangazi, yeye anachagua mawe, na bila kufikiri nikawa nafuatisha wimbo. Si ile sehemu ya juu. Nilikuwa naimba sauti ya pili, ile inayokwenda chini yake, ambayo kwa muda wote nilikuwa naisikia bila kuijali. Ilitoka. Nene, yenye kutu, lakini sawasawa. Shangazi aliacha kuchagua. Aliogopa kuikatisha. Nikaimba mpaka mwisho wa ubeti, nikaanza tena ili nihakikishe. Mwalimu alipoambiwa hakunipongeza. Aliniambia tu nisimame kesho upande wa sauti ya pili, mstari wa kati, na nichunge noti ya sita, wenzangu huwa wanaishusha.

Sikukuu ilikuwa siku ya upepo. Malori yalikuja kutoka Usevya na Inyonga, watu wa Inyonga na ndoo za asali, watu wa Mpimbwe na mchele, kanisa likajaa mpaka madirishani. Ngoma za Mzee Kapele zilifungua, na alizicheza mwenyewe, uzee wote ule, mpaka padri akasimama kupiga makofi. Kisha Mwalimu akatupanga. Alieleza kwa maneno machache kwamba kuna mtu alizaliwa mbali, baba yake mshona viatu, akatuachia kitu hiki. Akainua mkono.

Leokadia alipopanda kwenye solo nilifumba macho nikaenda naye juu kimya kimya. Sikuona uchungu niliokuwa nautarajia. Alipofika, sisi sauti ya pili tukaingia chini yake, na mimi nilikuwemo. Lakini mwishoni mwa wimbo kuna noti moja ndefu kupita kifua cha mtu yeyote. Mwalimu alikuwa ametufundisha kupokezana pumzi: mmoja akikata, mwenzake anashika, watu wa nje wasijue. Nilipokuwa na solo sikuwahi kuhitaji hilo. Siku ile pumzi iliniishia mapema, kovu likavuta, nikafunga mdomo kwa hofu. Na noti haikuyumba. Kulia kwangu mama mmoja wa Inyonga aliishika, nyuma yangu mwingine, chini kabisa Masunga alikuwa anaibeba kama gunia. Nikavuta hewa nikarudi ndani, nikakuta nafasi yangu iko pale pale. Miaka mingi nimejaribu kuwaeleza watu jinsi nilivyopumua katika sekunde ile. Mwaka huu, jioni ile ya kumbukumbu, Editha alipomaliza solo yake na watoto wale wakaingia kwenye noti ndefu, niliwaona wanapokezana, kifua hiki kinashuka, hiki kinapanda, nikamshika Leokadia mkono, naye alikuwa ameshanishika wangu.

Baada ya wimbo, mwaka ule, watu walitoka nje kula. Pilau ilikuwa kwenye masufuria makubwa, asali ya Inyonga inapitishwa kwa vikombe, Mzee Kapele anamweleza kila mtu kwamba Mwingereza yule alikuwa mtoto wa fundi. Nilimtafuta shangazi kila mahali ili aniambie nimeimbaje. Sikumwona. Nikarudi kanisani. Alikuwa amelala kwenye benchi la nne, chali, viatu amevua, mdomo wazi, anakoroma. Mwalimu Kasiano alikuwa amekaa benchi la nyuma yake, peke yake, sahani ya pilau magotini.

"Nimwamshe?" nikauliza. "Chakula kitaisha."

"Mwache," Mwalimu akasema. "Nimemuuliza kama wimbo umempendeza. Akaniambia, 'Nimemsikia Ade anapumua vizuri,' akajilaza."

Aliniachia nafasi kwenye benchi. Tukala pilau kutoka sahani moja, shangazi anakoroma mbele yetu, mpaka watu wakaja kufunga milango.